Mzee Anasema Tu

Runinga inawaka, haina sauti. Ndivyo ripoti ya jana ilivyoandikwa, mstari wa tatu, na kituo kizima cha polisi hakuna aliyeusoma mara mbili isipokuwa Kobe.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule ya marehemu, ripoti mkononi, viatu vimezama kwenye zulia. Nje kulikuwa na manyunyu. Mapazia mazito ya buluu yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo mchana uliingia kidogokidogo, kama maji yanavyopenya kwenye kitambaa. Vumbi linaelea. Ungesema nyumba nzima iko chini ya ziwa, na kile kiti cha kuegemea cha marehemu ni samaki mkubwa kajilalia zake.

"Kwa nini haikuwa na sauti?" Kobe aliuliza.

Konstebo wake, ambaye walimwita Kalamu kwa sababu huandika mpaka chafya ya shahidi, akafungua daftari. "Sikuuliza kwa nini, afande. Nilikuta ile picha ya mwanzo ya sinema, yenye orodha ya kuchagua, inajirudia tu. Sikusikia sauti. Nikaandika haina sauti."

"Rimoti?"

"Kwenye mkono wa kiti. Sikuigusa. Ile risiva ya kuendesha spika, chini ya runinga, ilikuwa inaonyesha hamsini na nane."

"Hamsini na nane ni sauti ndogo?"

Aliyejibu ni binti wa marehemu, kutoka mlangoni. Alikuwa kajifunga khanga kiunoni, macho yamevimba. "Baba akifika hamsini jirani anagonga ukuta. Lakini hayo yanahusu nini? Aliyemuua baba yangu mnaye. Mmeshamfunga. Humu mnatafuta nini tena?"

"Natafuta sauti, dada."

"Sauti!" Binti akacheka kile kicheko cha msibani. "Kweli wewe ni kobe."

Kobe hakukasirika. Jina alilipata kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia, hata mvua. Akaangalia saa. Saa saba na dakika ishirini. Saa kumi kamili Mkuu wa kituo anapeleka faili kwa mwendesha mashtaka, kosa limeandikwa mauaji. Kesi ya mauaji haina dhamana. Likishatoka mezani kwa Mkuu, yule fundi wa muziki aliyekuwa mahabusu angekaa ndani miaka kabla hakimu hajamuuliza hata jina.

Na faili lilikuwa limeshiba. Jana jioni binti alirudi kutoka kazini akamkuta baba yake chali, kisogo kwenye ncha ya ngazi ya saruji inayoshuka sebuleni. Stuli imepinduka pembeni. Mtu wa mwisho kuingia ni fundi, aliyeitwa kuongeza amplifaya kwenye ile mitambo ya sinema ya nyumbani. Jirani kasikia ugomvi. Halafu simu ya fundi ikakutwa na ujumbe aliomtumia mshirika wake. Mkuu aliusoma kwa sauti mbele ya askari wote kama anasoma tangazo la harusi:

*Mzee nimemkata pande zote mbili. Sasa anasema tu, hana nguvu. Kesho namletea Kijana moto wake, kazi imekwisha.*

"Mnataka nini zaidi?" Mkuu alisema. "Aje achore na picha?"

Kobe alijibu neno moja tu. Marehemu hana mkato hata wa wembe. Mkuu akamwambia hayo ni mafumbo ya wahuni, akatafute mhuni amfafanulie.

* * *

Jirani alikuwa fundi cherehani. Mtaa wote walimwita Mama Cherehani, na chumba chake cha kazi kilishikana ukuta na sebule ya marehemu. Aliwapokea bila kutoa mguu kwenye pedali.

"Kaeni hapo juu ya mashuka. Nishasema yote jana, huyu askari wako kaandika mpaka vidole vikamuuma."

"Rudia kwa ajili yangu, mama," Kobe akasema. "Mimi naelewa polepole."

"Hilo nimeshaambiwa." Mashine ikalia *trrrrr*, ikanyamaza. "Ilikuwa saa kumi na moja na kitu. Mimi nashona, mashine inapiga kelele. Nikitoa mguu, nasikia watu. Nikikanyaga, siwasikii. Nikatoa mguu nikasikia mwanamume, sauti nzito: 'Miaka kumi umeninyima usingizi! Leo tunamaliza!' Mwenzake akajibu: 'Nimalize basi! Unangoja nini?' Mwili ukanisisimka, mwanangu."

"Sauti ya pili ilikuwa ya mzee?"

"Ukuta haumtaji mtu jina. Ilikuwa sauti ya mtu mzima."

"Ungejuaje kama si sinema? Jirani yako anaangalia sinema kila siku."

Mama Cherehani akamtazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya. "Mimi nimekaa na sinema ya yule bwana miaka sita. Sinema ina muziki! Inaanza na muziki, watu wakibusiana muziki, wakipigana ngoma mpaka sindano zangu zinacheza kwenye kopo. Jana hapakuwa na muziki hata chembe. Palikuwa na watu wanasema, wananyamaza, wanasema. Kavu. Kama mimi na wewe hapa."

Kalamu alikuwa anaandika. Kobe akangoja amalize sentensi.

"Halafu?"

"Halafu kishindo. Puu! Nikasema, amemwangusha."

"Baada ya kishindo kukawa kimya?"

"Wapi! Waliendelea."

Kalamu akainua kichwa. Hilo halikuwamo kwenye ripoti.

"Waliendelea nani, mama?" Kobe akauliza taratibu sana. "Mmoja au wote wawili?"

"Wote wawili. Wanarushiana tu maneno. Ndiyo maana sikwenda kugonga. Nikasema, kama bado wanagombana basi hakuna aliyeumia." Mguu wake ulisimama juu ya pedali. Hakuukanyaga. "Mbona mnaniangalia hivyo?"

"Jana hukusema hilo," Kalamu akasema.

"Jana hukuniuliza."

Walipotoka, manyunyu yalikuwa yamekuwa ukungu. Uchochoro wote ulikuwa mweupe, na nguo za watu zilizosahaulika kwenye kamba zilining'inia kama watu wanaosikiliza.

"Daktari anasema kisogo kile kilimzimisha papo hapo," Kalamu alisema. "Mtu aliyezimika hagombani."

"Hagombani," Kobe akakubali, akaendelea kutembea mwendo wake uleule.

* * *

Kituoni walimkuta fundi, mwembamba, vidole vyeusi kwa risasi ya kulehemu. Walikuwa wamemvua mkanda na kamba za viatu, kwa hiyo alikaa kashika suruali. Kobe akaweka ule ujumbe mezani.

"Mzee ni nani?"

"Afande, nimeshaambiwa na Mkuu kwamba mimi muuaji. Hata nikijibu, mnaandika yenu."

"Anayeandika ni huyu, na yeye anaandika mpaka kukohoa. Mzee ni nani?"

"Risiva."

Kalamu akasimamisha kalamu. Hiyo ilikuwa habari.

"Dukani kwetu risiva tunaiita Mzee," fundi akasema. "Ndiyo kichwa cha nyumba. Inapokea kila kitu, inagawa, inaamua nani aseme wapi. Lakini ikishakaa miaka, akili inabaki, misuli inakwisha. Unaisukuma iendeshe spika kubwa inahema, inapata joto, inajizima. Basi unailetea amplifaya pembeni, ibebe mizigo mizito. Hiyo ndiyo Kijana. Mshirika wangu mwulizeni, atawaambia vilevile."

"Mzee nimemkata pande zote mbili."

"Spika ya kushoto na ya kulia, zile ndefu. Nilizichomoa kwa Mzee nikazipeleka kwa Kijana. Nyuma ya Mzee kuna matundu, panatoka sauti mbichi, haijatiwa nguvu. Unavuta waya kutoka pale mpaka kwa Kijana, Kijana anaipika, anaipeleka kwenye spika. Mzee hana tena kazi ya kubeba."

"Anasema tu."

"Anasema tu! Anabaki na ile spika ndogo ya katikati, chini ya runinga. Ile kazi yake ni maneno. Watu wakizungumza kwenye sinema, wanazungumzia pale. Muziki, mvua, milio, hayo yote yako pembeni."

Mahali fulani bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Na moto wa Kijana?" Kobe akauliza.

"Umeme, afande. Umeme tunauita moto. Kijana anakula umeme mwingi, na soketi ya pale sebuleni ni mbovu, inalisha na friji. Nikamwambia yule mzee, mzee mwenyewe sasa, binadamu, kwamba leo nafunga waya, kesho nakuja kuvuta soketi yake peke yake, ndipo tuwashe. Plagi nikaichomeka ili nipime kidogo kama taa inakuja. Ikaja. Nikaizima kwa ile swichi kubwa ya nyuma, nikaondoka. Saa kumi na nusu nilikuwa barabarani."

"Nani alikuona?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Ukitembea kwenye mvua, nani anakuona?"

"Kwa hiyo mtu akiwasha sinema jana jioni, angesikia nini?"

Fundi akainua macho. Mikono ikaachia suruali.

"Watu," akasema. "Angesikia watu tu."

* * *

Saa nane na dakika arobaini Kobe alikaa kwenye kiti cha marehemu. Binti alikataa kukaa. Alisimama kaegemea ukuta, mikono kifuani. Kalamu alikuwa ametumwa kwa Mama Cherehani, na amri ilikuwa moja. Asiseme kitu, amwache mama ashone.

Kobe akahakikisha risiva iko hamsini na nane. Amplifaya ilikuwa juu kabisa ya kabati, kwa kuwa rafu hazikuitosha, nyeusi, nzito, taa yake haiwaki. Akabonyeza sinema ianze mwanzo.

Ilikuwa ni moja ya zile sinema za mbali zilizotiwa sauti za Kiswahili. Jina likapita, majina ya watu yakapita, farasi wakapita wakikimbia bondeni, na hakuna kilicholia. Farasi mia, kwato kwenye mawe, kimya kabisa. Kisha mwanamke akageuka akasema, "Umerudi?" na sauti yake ikatoka katikati ya chumba, ya kweli kabisa, kama mtu aliyeketi pale chini ya runinga gizani.

Binti akashtuka.

Wakaangalia hivyo, dakika baada ya dakika. Watu walikula bila mlio wa kijiko. Mlango ulifungwa, haukulia. Mvua ya kwenye sinema ilinyesha kimya na mvua ya nje ikanyesha badala yake, mpaka hujui ipi inamlowesha nani. Na katika ukimya ule watu wakasema, wakanyamaza, wakasema. Macho ya Kobe yalikuwa yamefumba nusu.

"Umelala?" binti akanong'ona.

"Nasikiliza."

Dakika ya ishirini na mbili mwanamume mwenye kovu akasimama juu ya meza, akapaza sauti nzito, kubwa, ikajaza chumba chote: "Miaka kumi umeninyima usingizi! Leo tunamaliza!"

"Nimalize basi! Unangoja nini?"

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kushona ikanyamaza. Mlango ukapigwa, kandambili zikasikika uchochoroni *pa pa pa pa*, na Mama Cherehani akaingia mkasi mkononi, futi ya kupimia shingoni, Kalamu nyuma yake anamkimbilia.

"Wamerudi!" mama akapiga kelele. "Ndio haohao! Jamani mko wapi, wanauana huku!"

Akawaona Kobe na binti wako wenyewe. Akaona runinga. Watu wa kwenye sinema waliendelea kugombana mbele yake.

"Ndio hawa, mama?" Kobe akauliza.

Mama Cherehani akashusha mkasi polepole. "Ndio hawa," akasema. "Yesu na Mariamu, ndio hawa." Kisha akashika mdomo. "Na mimi nimemfungisha mtoto wa watu."

"Hujamfungisha bado. Nisikilizeni wote. Kuna kitu kinakosekana."

Wakasikiliza. Ugomvi ukaendelea mpaka ukaisha. Mwenye kovu akatoka zake.

"Kishindo," Kalamu akasema. "Kwenye sinema hakuna kishindo."

"Hakuna. Kishindo ndicho peke yake kilichokuwa cha hapa."

Kobe akasimama, akaiinua ile stuli iliyopinduka, akaiweka mbele ya kabati, miguu yake ikaingia kwenye alama zilizobaki kwenye zulia. Akapanda. Akainama juu ya amplifaya, akamulika nyuma kwa simu. Vumbi nyuma ya kabati lilikuwa zito kama manyoya. Kwenye mgongo wa amplifaya palikuwa na mistari minne ya vidole vya mtu mzima, inashuka kutoka juu, inaelekea kwenye swichi. Ilikomea kabla ya kufika. Upana wa ukucha. Na chini sakafuni, kati ya nyaya, miwani.

"Miwani ya mzee ilikutwa wapi, Kalamu?"

"Haikukutwa, afande. Tuliandika hajavaa."

"Andika iko nyuma ya kabati. Ilimtoka alipoinama." Akashuka mguu mmoja mmoja, akimtazama binti. "Alikaa kuangalia, dada. Akasikia watu bila muziki. Akaongeza sauti, ikawa hamsini na nane, bado. Akaona ile taa haiwaki. Kijana mpya yuko pale juu, na kesho ni mbali. Akapanda kutafuta swichi, stuli ikapinduka. Alikuwa peke yake."

Kobe akapanda tena, akanyoosha mkono, akabonyeza.

Kwanza taa ndogo nyekundu. Halafu, kutoka pembe mbili za chumba, muziki ukaja. Haukuja kwa fujo. Ulipanda kama mtu anayefungua macho. Vinanda, ngoma ya mbali, upepo, mvua ya kwenye sinema ikapata sauti yake hatimaye, matone mamilioni, na ukuta ukaanza kutetemeka taratibu. Mama Cherehani akakaa sakafuni. Binti akatembea mpaka kwenye kiti cha baba yake, akakigusa, akakaa, akawa mdogo mle ndani.

"Ukiwa tayari uizime, dada," Kobe akamwambia sikioni. Saa ilikuwa tisa na nusu. "Sisi tuna faili."

* * *

Mkuu alisoma maelezo ya Kalamu kurasa sita, akauliza, "Kwa hiyo naambiwa Mzee ni redio?" akapiga mstari juu ya neno mauaji, akatupa kalamu mezani. Saa kumi kasoro dakika nne. Fundi akaletwa kaunta kukabidhiwa vitu vyake. Alikuwa anapitisha kamba kwenye tundu la kwanza la kiatu binti alipoingia, amelowa chapachapa, bila mwavuli.

Wakatazamana.

"Kwa nini hukumwambia swichi iko wapi?" binti akauliza.

"Kwa sababu angeiwasha."

"Ungemwambia, asingepanda vile! Angeipapasa mara moja akashuka!"

"Angeiwasha, dada. Namjua. Ile soketi haiwezi, nilimwambia, akanicheka. Ningemwonyesha swichi, angeiwasha nikiwa sijafika kona." Fundi akainamia kiatu. "Pole. Sijui nikwambie nini. Pole sana."

Binti akajipangusa maji usoni. "Mimi nimeshindwa kuizima," akasema, kama anayeongea na ukuta. "Nimesimama pale mara tatu. Nimeona nikiizima ndiyo basi tena. Nimeiacha inapiga, nikafunga mlango."

Fundi akaacha kufunga kiatu.

"Umeiacha inapiga? Na friji je, mlilichomoa?"

Kobe akamwangalia Kalamu. Kalamu akafungua daftari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Hatukuandika friji," akasema.

Mkanda ulibaki kaunta. Fundi alikimbia katika mvua ile, mkono mmoja umeshika suruali, viatu vinapwaya, askari wa getini akapiga filimbi kwa mazoea. Binti akamkimbilia nyuma. Na Kobe naye, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akakimbia, vibaya, kama kabati linaloshushwa ngazi.

Muziki waliusikia tangu kona. Binti akafungua mlango, na harufu ya plastiki ikawapokea. Fundi hakupanda stuli. Alipiga goti kando ya ukuta, akazungushia shati mkono, akaing'oa plagi.

Muziki ukakatika. Kwenye runinga, iliyokuwa kwenye soketi nyingine pamoja na risiva, mtu mmoja aliendelea kusema peke yake, polepole, anamuaga mtu. Kobe akatafuta rimoti, akamnyamazisha.

Soketi ilikuwa imeungua pembeni, rangi ya chai. Kidogo tena, pazia lingeshika moto. Fundi alikuwa bado kapiga goti, anahema, plagi juu ya shati. Miguu miwili ya shaba ya ile plagi ilikuwa imegeuka rangi na plastiki imelegea.

"Hii," akasema. Akamnyooshea binti. "Hii ndiyo niliyoiogopa."

"Itakuunguza, dada," Kalamu akasema.

Binti alikaa chini kando ya fundi, akaipokea kwa mikono yote miwili. Hakuiachia. Aliishika hivyohivyo mpaka ikapoa.